Kushika Dini Wakati wa Khofu: Darasa kutoka Njia ya Mandera

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, darasa yetu ya leo yahusu jambo ambalo watu wa Garissa, Wajir na Mandera hawana haja ya kulifungulia vitabu ili walijue, nalo ni kushika mafundisho ya dini pale mtu anapokuwa hatarini. Wengi wetu likitajwa jambo hili hukumbuka mateso ya Bilal na watu wa nyumba ya Yasir huko Makka, tukadhani kuwa mtihani ni mmoja tu, nao ni Mwislamu kuambiwa aikane dini yake. Lakini uko mtihani mwengine, na katika upande huu wa kaskazini mashariki ya Kenya umetufikia kwa sura tusiyoizoea. Mwislamu huambiwa kuwa yeye yu salama kwa sababu ni Mwislamu, ila ajitenge na jirani yake asiyekuwa Mwislamu ili huyo auawe. Hapo shahada haikanwi kwa ulimi. Hutakiwa itumiwe kama alama ya kumjulisha muuaji nani wa kuuawa. Je, dini yatuamrisha nini saa hiyo?

MAMBO YALIYOTOKEA

Yatupasa kwanza tuyaweke mambo yenyewe mbele yetu.

Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi la abiria lilikuwa limetoka Mandera kuelekea Nairobi. Walikuwamo ndani yake walimu wengi waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Watu wa kundi la Al-Shabaab wakalisimamisha, wakawatenga abiria, wakawajaribu kwa kuwataka watamke shahada na wasome Qur'ani. Walioshindwa wakapigwa risasi. Waliouawa walikuwa 28.

Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya jua kutoka, watu wanne wenye silaha wakaingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa njia ile ile. Siku hiyo walikufa watu 148 mikononi mwao, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Kisha, tarehe 21 Disemba 2015, basi jengine lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera likapigwa risasi na kusimamishwa karibu na El Wak. Amri iliyotolewa ilikuwa ile ile, kwamba Waislamu wakae kando. Mara hii amri haikufuatwa. Abiria Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi, walikataa kutengana na wenzao, wakawaambia wenye bunduki kwamba ama wawaue wote pamoja, au wawaache wote. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wanawake wa Kikristo mitandio yao wajifunike, ili wasitambulikane. Watu wawili waliuawa siku hiyo, lakini mauaji ya mwaka uliotangulia hayakukaririwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa akisomesha Mandera, alipigwa risasi kwa kukataa kwake, na jeraha lile likamfisha Nairobi, Januari 2016. Mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani ya taifa, naye yu kaburini.

Watu wengi waliposikia khabari hii walisema kuwa ni ubinadamu, na ni kweli. Lakini sisi tulio wanafunzi wa dini yatupasa tuulize zaidi ya hapo. Je, abiria wale walifanya jambo jema lililo nje ya dini, ambalo dini yaliridhia tu? Au walishika hukumu ya dini yenyewe, wakati wenye bunduki waliodai kuitetea dini walikuwa wameiacha?

RUKHSA NA AZIMA

Maulamaa wametufundisha kuwa mtu anapotezwa nguvu huwa mbele ya njia mbili. Ya kwanza ni rukhsa, yaani ruhusa ya kuepa madhara. Ya pili ni azima, yaani kusimama imara ijapokuwa madhara yatamfika.

Sayyidna Ammar bin Yasir aliteswa na Makureshi mpaka akalitamka neno walilolitaka. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akilia. Mtume akamwuliza moyo wake aliuonaje, naye akajibu kuwa ulikuwa umetulia katika imani. Mtume hakumlaumu, bali alimwambia kuwa wakimrudia, naye arudie. Aya ya 106 ya Sura ya An-Nahl ikaja kumvua lawama kila aliyelazimishwa hali moyo wake umethibiti. Hiyo ndiyo rukhsa. Na Bilal aliyelazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani, akaendelea kumpwekesha Mola wake, huyo alishika azima.

Lakini rukhsa ina mpaka, na mpaka huo ndio roho ya darasa yetu. Imamu Al-Qurtubi, katika tafsiri ya aya hiyo hiyo, ameeleza kuwa maulamaa wameafikiana ya kwamba mtu akilazimishwa kumwua mwenziwe asiye na hatia, haimjuzii kumwua, wala hawezi kuikomboa nafsi yake kwa nafsi ya mtu mwengine. Sababu yake ni wazi. Neno la kufuru alilotezwa nguvu Ammar lilikuwa baina yake na Mola wake, na Mola amesamehe. Damu ya mtu mwengine si mali yako uitoe fidia.

Fahamu vyema, ndugu msomaji, kuwa hatusemi haya ili tuwahukumu abiria wa Novemba 2014. Mtu aliyeshikiwa bunduki gizani, akasukumwa upande mmoja hali hajui litakalotokea, huyo amedhulumiwa kama wengine, na aliyomo moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Kunyamaza kwa khofu si sawa na kumnyooshea mtu kidole. Amnyoosheaye mwenziwe kidole akijua kuwa atauawa, huyo ameingia katika msaada wa dhuluma uliokatazwa katika Sura ya Al-Maidah, aya ya 2. Ama waliosimama pamoja na wenzao mwaka 2015 wakakataa kutengwa, hao walichukua azima, na azima ndiyo daraja ya juu.

AMANI ATOAYO MWISLAMU

Katika sharia yetu kuna jambo liitwalo amani, nalo ni ahadi ya usalama ambayo Mwislamu humpa asiyekuwa Mwislamu. Sura ya At-Tawba ni miongoni mwa sura kali kabisa katika mambo ya vita, na ndani yake, katika aya ya 6, Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake kuwa hata mshirikina akimwomba himaya ampe, ayasikie maneno ya Mungu, kisha amfikishe mahali pake pa salama. Haikuamrishwa kuwa akikataa kusilimu aachwe njiani. Imeamrishwa afikishwe salama.

Tena amani hii haikuwekwa mikononi mwa wafalme peke yao. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa dhima ya Waislamu ni moja, na hata aliye mdogo wao aweza kuitoa, na mwenye kuivunja ahadi hiyo amejitia katika laana. Ilipofunguliwa Makka, Bibi Umm Hani binti Abi Talib alimpa himaya mtu ambaye nduguye mwenyewe, Sayyidna Ali, alikuwa akitaka kumwua. Bibi huyo akaenda kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akaikubali himaya yake, akatamka kuwa aliyehifadhiwa na Umm Hani amehifadhiwa na wote. Basi mwanamke wa Kiislamu aliyevua mtandio wake karibu na El Wak akamfunika Mkristo aliyeketi kando yake, alikuwa akitumia haki aliyopewa na dini yake tangu zama za Mtume, hata kama hakupata kulisikia jina la Umm Hani.

Ama anayeivunja amani hii, adhabu yake imetajwa. Katika Bukhari imepokewa kuwa mwenye kumwua mtu aliye katika ahadi hatainusa harufu ya Pepo, na hali harufu yake hupatikana kwa mwendo wa miaka arobaini. Na mwalimu aliyekuja Mandera kuwafundisha watoto wetu hesabu, akapanga chumba katika nyumba zetu, akanunua maziwa sokoni petu, yumo katika ahadi gani ikiwa hayumo katika hii?

Wala tusisahau kuwa swali hili tuliulizwa sisi kwanza, tukiwa ndio wageni. Yapata mwaka 615 wa Miladi, Waislamu walioonewa Makka walikimbilia Uhabeshi, katika bara letu hili, kwa mfalme wa Kikristo aitwaye Najashi. Makureshi wakapeleka wajumbe wawili, Amr bin al-Aas na Abdullah bin Abi Rabia, pamoja na zawadi za ngozi, wakitaka watu wale watolewe. Mfalme akakataa kuwatoa watu waliojikinga katika nchi yake kabla ya kuwasikiliza. Alipomsikia Jaafar bin Abi Talib akawapa amani, na zawadi akazirudisha. Leo twamsifu Najashi katika mimbari zetu kwa sababu alipoambiwa atoe watu, hakutoa. Basi ni aibu iliyoje sisi tumsifu kwa jambo ambalo hatutaki kuwatendea watu wa dini yake!

SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Hapa pana maneno ambayo vijana wetu huyasikia, na yatupasa tuyajibu kwa elimu, wala si kwa ukali tu.

Shubuha ya kwanza: Husemwa kuwa watu hao si ndugu zetu katika dini, na kuwatetea ni kuwafanya vipenzi badala ya Waislamu. Jawabu ni kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe ametenga baina ya mambo haya mawili. Katika Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, amebainisha kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Kumzuia mtu asiuawe kwa dhuluma hakuhitaji kuikubali itikadi yake.

Shubuha ya pili: Husemwa kuwa majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, kwa hiyo kila asiyekuwa Mwislamu wa Kenya amekuwa adui. Jawabu ni kuwa Qur'ani imekariri mahali pengi kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine. Mambo ya siasa na vita Waislamu wanaweza kukhitalifiana rai zao. Lakini hata katika vita vya Mtume (S.A.W.) wanawake na watoto walikatazwa kuuawa, na Sayyidna Abu Bakr alipolituma jeshi Sham aliwausia wasiwaguse watawa katika nyumba zao za ibada. Mwanafunzi aliyelala kitandani mwake Garissa ni mpiganaji wa jeshi gani?

Shubuha ya tatu: Husemwa kuwa sisi pia tumedhulumiwa na hakuna aliyetutetea. Shubuha hii ina uchungu wa kweli ndani yake, na asiyejua khabari za Wagalla haimpasi kuijibu. Februari 1984, watu wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakateswa siku nyingi bila ya maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikuwa ikitaja maiti 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja idadi inayokaribia watu elfu moja. Haya hayafichiki, wala haifai kufichwa.

Lakini majibu yake ni mawili. La kwanza ni la Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maidah, aya ya 8, ambapo ametukataza chuki yetu kwa watu isitufikishe kuacha uadilifu. Aya hii haikuambiwa watu wasiokuwa na sababu ya kuchukia. Imeambiwa watu walioumizwa. Jibu la pili liko Wajir kwenyewe. Siku zile za Wagalla, aliyetoka kwenda kuwachukua majeruhi na kuwazika waliokufa, na kusaidia mpaka khabari zikaujulia ulimwengu, alikuwa mwanamke Mkristo wa Kiitalia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu Wasomali wagonjwa wa kifua kikuu. Baadaye aliondoshwa nchini. Aliendelea kuwatibu Wasomali mpaka alipouawa kwa risasi huko Borama, Oktoba 2003. Basi si kweli kuwa hakuna aliyetutetea. Yuko aliyetutetea, naye kama angalikuwamo katika basi la 2014 angalitengwa auawe.

Shubuha ya nne: Husemwa kuwa Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, na kuwa waliokataa kutengana walijitupa. Shubuha hii ni kongwe, na aliyeijibu ni Sahaba. Huko Konstantinopoli mtu mmoja aliziingia safu za Warumi peke yake, watu wakapiga kelele kuwa amejitupa katika maangamizi. Abu Ayyub al-Ansari akawasahihisha, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Aliwaeleza kuwa aya hiyo iliwashukia wao Ansari walipofikiri kubaki na mali zao na kuacha kuinusuru dini. Kwa tafsiri hiyo, maangamizi ni mtu kuiokoa mali yake na raha yake kwa kuiacha haki ianguke.

NENO LA SHAHADA

Tumefika mahali pa kulitazama neno lenyewe lililotumiwa kuwatengea watu. Imepokewa katika Muslim kuwa Usama bin Zayd alimwua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka La ilaha illa Llah, akidhani kuwa ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akamwuliza Usama kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona, akakariri lawama mpaka Usama akatamani kuwa angalisilimu siku ile. Mtume hakukubali damu imwagike mbele ya neno hilo. Neno hili lilikuja kuhifadhi damu. Kulisimamisha njiani, likawa ni mtego wa kumtambua wa kuuawa, ni kulipindua maana yake juu chini. Abiria wa Disemba 2015 walipokataa kulitoa kwa kazi hiyo, hawakuificha dini yao wala hawakuikana. Walililinda neno la shahada lisitumiwe na madhalimu.

YATUPASAYO

Ndugu zangu, darasa isiyofuatwa na amali ni mzigo juu ya mwenye kuisoma. Basi tuyashike haya:

Kwanza, walimu wa madrasa tujihesabu. Mtu ambaye serikali ilimtaja kuwa ndiye aliyepanga mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa alikuwa amepata kusomesha madrasa mjini humo humo. Na mmoja wa wauaji wale wanne alikuwa kijana msomi wa sheria aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Basi elimu ya kuhifadhi peke yake haikuwazuia, wala elimu ya vyuo vya kisasa haikuwazuia. Mtoto anayehifadhi Al-Maidah bila ya kufundishwa aya yake ya 32, kuwa kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama kuwaua watu wote, amehifadhi sauti, maana hajaipata.

Pili, wazazi wasinyamaze. Baba wa kijana yule wa sheria, aliyekuwa chifu katika Mandera, alikuwa amekwisha kuarifu serikali kuwa mwanawe ametoweka. Hilo lilikuwa jambo zito kwa mzazi, nalo lilikuwa ndilo la haki. Aya ya 135 ya Sura ya An-Nisaa yatutaka tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu.

Tatu, jirani ajulikane kabla ya siku ya hatari. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa siku ya Jumapili, wakafa watu 17. Viongozi wa Kiislamu wakaafikiana vijana wa Kiislamu wasaidie kuyalinda makanisa. Waliostaajabu warejee Sura ya Al-Hajj, aya ya 40, ambapo nyumba za watawa na makanisa na masinagogi zimetajwa pamoja na misikiti, katika mahali ambapo jina la Mungu hutajwa na ambapo Mungu huwakinga watu kwa watu.

Nne, tuwahifadhi walimu wa watoto wetu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na baada yake walimu wengi waliotoka sehemu nyengine za nchi waliondolewa katika kaunti hizi tatu. Mwenye kuulizwa ni nani aliyepata hasara, na amtazame mtoto wa Kisomali aliyekaa darasani bila ya mwalimu.

Tano, tusiikimbilie hirizi wakati wa khofu. Qur'ani haikushuka ifungwe katika ngozi na kuvaliwa mkononi. Imeshuka ifuatwe. Kinga yetu ni sala, ambayo haikuachwa hata mbele ya maadui, bali imewekewa namna yake ya sala ya khofu katika An-Nisaa, aya ya 102, ambapo kundi moja husali na jengine likalinda. Hata katika kusali tumefundishwa kuwa mtu humlinda mwenziwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhuluma katika njia ya Mandera, Garissa na Wagalla kwa rehema yake iliyo pana, amkubalie Mwalimu Salah Farah amali yake, awape subira wazazi waliopoteza watoto, awaongoe vijana wetu waliopotezwa, na atuthibitishe sisi katika haki siku tutakapoulizwa swali lile lile. Amin.

Wabillahi ttawfiq.